Mkunga Mwanamume wa Goziba

Avit Lwakatare, mkunga mpya wa zahanati, alipofika Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, wanawake wa kisiwani walimpokea vizuri. Walimsalimia, wakamwonyesha mahali pa kuchota maji safi, wakamletea vipande vya sangara wa kukaanga katika sahani iliyofunikwa. Kisha, siku zao zilipotimia, wakapita mbele ya mlango wa zahanati na kwenda kujifungulia kwa Paskazia, muuza dagaa aliyewazalisha miaka yote.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi minne. Zahanati ilikuwa na chumba cha kujifungulia kilichopakwa rangi mpya, kitanda kizuri, mizani ya watoto na taa za sola. Avit alikifagia chumba hicho kila asubuhi na kukifuta vumbi. Katika miezi hiyo minne humo alizaliwa mtoto mmoja tu, tena mama yake alikuwa mgeni aliyeshuka kwenye boti akiwa tayari na uchungu. Hakupata nafasi ya kuuliza mkunga ni nani.

Sababu ilijulikana na hakuna aliyeificha. Mkunga mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, hajaoa, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya wavuvi. Wanawake walikubali awape dawa ya malaria na awachanje watoto wao. Mengine walimwachia Paskazia.

"Usijisumbue," Kahangwa, tabibu aliyekuwa msimamizi wa zahanati na aliyekaa kisiwani miaka sita, alimwambia. "Kabla yako tulikuwa na muuguzi wa kike. Alikaa mwaka mmoja, akaolewa, akaondoka. Mpaka leo wanamsubiri yeye."

Avit alicheka, lakini lilimuuma. Kazi ile hakuichagua mwenyewe mwanzoni. Alikulia Ijuganyondo, nje kidogo ya Bukoba, katika kibanja cha migomba na kahawa cha baba yake, Ta Damian. Alipomaliza kidato cha nne aliomba kusomea utabibu, akapangiwa uuguzi na ukunga. Nusura akatae. Mwaka wa pili wa masomo walimpeleka wodi ya wazazi, na siku ya kwanza mama mmoja aliyekuwa na uchungu alimshika kifundo cha mkono akakibana kwa saa mbili bila kukiachia. Avit alisimama pale, hakuthubutu hata kujikuna. Mtoto alipotoka, mwalimu wake alimwambia kwamba wenzake wote walikuwa wanatetemeka ila yeye. Kuanzia siku hiyo hakutaka tena kuhamia kozi nyingine.

Mama yake, Joviana, ndiye ambaye hakulizoea jambo hilo. Kwenye sala za jumuiya aliwaambia wenzake kwamba mwanawe ni daktari. Avit aliposahihisha, mama alimwambia kwa upole, "Mwana wange, ni yale yale," kisha akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi moja Avit alitoka zahanati akateremka mwaloni, mahali boti zinapofikia, kumtafuta Paskazia. Alimkuta akianika dagaa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Alikuwa mwanamke mjane wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kusikika toka mbali. Alitoka Ukerewe miaka mingi nyuma na kuhama kambi hadi kambi akifanya biashara ya dagaa, na kila alipokaa aliwasaidia wanawake kujifungua kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Avit alimsalimia. Paskazia aliitikia kwa Kiswahili, halafu akamgeukia mwenzake aliyekuwa pembeni na kumwambia kitu kwa Kikerewe. Alisema kwamba kijana wa zahanati amekuja kumgombeza, na kwamba ana miguu kama ya korongo.

Kihaya na Kikerewe ni lugha za karibu sana. Avit alielewa karibu kila neno. Akajibu kwa Kihaya kwamba hakuja kugombeza mtu, na kwamba miguu ameirithi kwa baba yake.

Paskazia alisimama na dagaa mkononi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

Baada ya hapo waliongea, yeye kwa lugha yake na Avit kwa lugha yake, na mahali palipowashinda wakatumia Kiswahili. Avit hakumwuliza kwa nini anazalisha. Alimwuliza amezalisha wangapi, na Paskazia akasema hakuwahi kuhesabu. Alimwuliza mtoto aliyekaa vibaya anamtambuaje, na Paskazia akamwonyesha kwa mikono yake juu ya gunia la dagaa, na Avit akaona kwamba anaijua kazi. Mwishoni akamwuliza ni kitu gani kinachomwogopesha.

Paskazia alikung'uta mchanga mikononi.

"Damu," alisema. "Kisiwa nilichokaa kabla ya hiki, mama mmoja alitokwa na damu baada ya mtoto kutoka. Nilifanya yote ninayoyajua. Mtoto alipona, mama akafa mikononi mwangu. Wiki ile ile nikahama. Sijarudi huko hata kwa biashara."

"Kuna sindano," Avit alisema. "Tunamchoma mama mara tu mtoto anapotoka. Ninazo pale zahanati, friji imejaa."

"Nimesikia."

"Basi tufanye wote."

Paskazia alimtazama. "Nikikuletea hao kina mama, mimi nitakuwa wapi? Nitakaa nje kwenye benchi?"

"Utakuwa kichwani pa mama. Utamshika, utamwambia maneno yako unayowaambia siku zote. Mimi nitakuwa upande wa mtoto. Usipokuwepo, hakuna atakayeingia."

"Hilo ni kweli," Paskazia alisema. Halafu akainama tena kugeuza dagaa, na Avit, asijue kama amekubaliwa au la, akainama kumsaidia. Walipokuwa wanakaribia kumaliza, yule mama akamwambia jambo lingine. "Halafu hiyo kliniki yako ya Jumanne. Nani hapa anajua Jumanne? Hapa tunafuata mwezi."

Akamweleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika siku kama kumi mpaka giza lirudi. Siku za giza wanawake wako juani tangu alfajiri wakianika, na wakiacha mzigo mvua ikanyesha, kila kitu kinaoza. Siku za mbalamwezi hawana la kufanya. Wanasukana nywele, wanafua, wanalala. "Waite siku hizo," alisema.

Kahangwa alikuna kichwa, akasema ratiba inatoka wilayani. Kisha akasema wilayani hakuna anayeanika dagaa, na kliniki ya wajawazito ikahamishwa.

Mbalamwezi ya kwanza walikuja wanawake tisa. Paskazia aliweka kiti chake karibu na pazia la chumba cha kupimia, akakaa kama mwenye nyumba, na kila mama aliyesitasita alimwambia, "Ingia, nipo hapa." Wanaume nao walikuja, kwa kuwa hawakuwa na kazi. Mmoja wao alikuwa Masalu, mvuvi kutoka Sengerema, kijana mkimya mwenye mabega mapana. Mkewe, Jesca, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi sita. Masalu hakumsindikiza, alikuja kumchukua.

"Wewe ndiye mkunga?" alimwuliza Avit.

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi mke wangu hatapimwa leo. Jesca, twende."

Jesca alikuwa ameshapanda kitandani. Akajiinua nusu, akamtazama mumewe, kisha akamtazama Paskazia.

"Masalu, kaa chini," Paskazia alisema. "Umeshafika mpaka ndani. Kaa basi uone hicho unachokikataa."

"Kaa pale kwenye stuli, kaka," Avit alisema. "Ukiona jambo lolote usilolipenda, niambie, nitaacha hapo hapo."

Masalu alikaa, magoti yake yakiwa juu kwa ufupi wa stuli. Avit akampima Jesca presha, akamwuliza maswali, akalishika tumbo taratibu kwa mikono yote miwili huku akieleza kila anachokigusa. Hapa ni mgongo wa mtoto. Hapa ni miguu. Kisha akachukua kifaa cha mbao chenye umbo la tarumbeta ndogo, akakiweka tumboni na kutega sikio. Alipopata alichokuwa anakitafuta, akamgeukia Masalu.

"Unataka kumsikia?"

"Nani?"

"Mtoto wako."

Masalu alipiga magoti kando ya kitanda na kuweka sikio kwenye kile kifaa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, amefumba macho. Nje watu walikuwa wanaongea, na Paskazia akawafokea wanyamaze.

"Anakimbia," Masalu alisema mwishowe.

"Ndivyo moyo wao unavyokwenda. Ni mzima."

Masalu akarudisha sikio. Jesca ndiye aliyemwomba aache, kwa kuwa kifaa kilikuwa kinambana tumbo. Siku hiyo Masalu alipotoka nje aliwakuta wenzake kwenye benchi, na mmoja akamtania kwamba amemwacha mkewe kwa kijana. Masalu alisema, "Nenda ukamsikilize wako," akashika njia ya nyumbani.

Tangu hapo wanawake wakaanza kuja kujifungua. Wa kwanza aliletwa na Paskazia mwenyewe akiwa amemshika mkono, na wa pili vilevile. Wa tatu alikuja peke yake na kutuma mtu amwite Paskazia. Avit alizalisha, Paskazia alishika mabega na kupangusa jasho. Kila sindano ilipochomwa, Paskazia aliangalia kwa makini mpaka damu ikome, kisha akashusha pumzi.

Mimba ya Jesca ilikuwa inakaribia miezi minane mambo yalipobadilika. Kliniki iliyotangulia presha yake ilikuwa imepanda kidogo, na Avit alikuwa amemwambia aje kila baada ya siku tatu, mbalamwezi au giza. Alikuja mara moja, mara ya pili hakutokea, kwa kuwa dagaa walikuwa wengi. Asubuhi ya siku iliyofuata Paskazia alimwona akianika, akamwona akipapasa dagaa kwa vidole kama mtu asiyeona vizuri.

"Una nini?"

"Kichwa kinauma tangu jana. Na naona vimulimuli," Jesca alisema. Uso wake ulikuwa umevimba.

Paskazia hakumaliza kuanika. Alimshika mkono, akamwita mtu amfuate Masalu, na wakapanda zahanati.

Presha ilikuwa mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Mkojo ulionyesha protini nyingi. Avit alipima mara ya pili, si kwa sababu alikuwa na shaka bali kwa sababu alitamani iwe amekosea. Alikuwa anajua kinachofuata presha ile: degedege, na baada ya degedege mama na mtoto wanaweza kwenda wote. Akampa dawa ya kushusha presha, akamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, moja kila tako, huku Kahangwa akipiga simu hospitali kubwa ya mjini Bukoba.

"Mleteni sasa hivi," daktari wa upande wa pili alisema. "Gari la wagonjwa litawasubiri bandari ya Kemondo."

Kutoka Goziba hadi Kemondo ni saa sita au saba ziwani, ikiwa ziwa limetulia. Mwaloni palikuwa na boti moja tu iliyokuwa tayari kuondoka, boti ya mizigo ya nahodha aliyeitwa Buberwa, imejaa magunia ya dagaa. Avit alianza kumweleza, lakini Buberwa alikuwa ameshamwona Jesca akiteremshwa kwenye machela. Akaamuru magunia ya katikati yashushwe mchangani, na mahali pale wakaweka godoro. Wenye magunia walisimama wakitazama, hakuna aliyelalamika.

Waliondoka saa mbili asubuhi: Jesca juu ya godoro, Paskazia kichwani pake, Avit na begi lake la dawa, Masalu na mwavuli. Mwanga mkali ni mbaya kwa mtu mwenye hali ile, kwa hiyo Avit alimfunika Jesca macho kwa khanga, na Masalu akamkingia jua. Alishika mwavuli ule kwa mkono wa kulia, ukichoka anahamishia wa kushoto. Kila nusu saa Avit alipima presha na kuandika. Paskazia aliongea muda wote, kwa sauti ya chini, habari za Ukerewe, za machungwa ya kwao, za shangazi yake aliyeogopa kuku. Jesca aliitikia kwa kichwa.

Avit hakuongea sana. Baadaye alikiri kwamba hajawahi kuogopa kama siku ile. Katikati ya ziwa, mahali ambapo nyuma hakuonekani kisiwa na mbele hakuonekani nchi kavu, Jesca alitikisa mguu ghafla, na Avit akadhani degedege imeanza. Akaushika ule mguu.

"Ganzi tu," Jesca alisema chini ya khanga.

Masalu alimtazama Avit usoni, akaona jinsi alivyobadilika rangi. Alisogeza mwavuli kidogo ili kivuli kimfikie na yeye.

Walifika Kemondo saa tisa alasiri. Gari lilikuwepo na muuguzi ndani yake. Kabla ya saa kumi na mbili Jesca alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, na mtoto alikuwa ametoka: wa kike, kilo moja na nusu, mwenye sauti ya kukwaruza kama ya paka. Masalu alikuwa ameshapanga kwamba mtoto ataitwa Avit. Ilibidi wafikirie upya, wakampa jina la bibi yake Jesca, Anatolia.

Jesca alikuwa hai, lakini presha haikushuka upesi. Madaktari walimweka wodi ya uangalizi, na walisema atakaa huko siku kadhaa. Mtoto alipelekwa chumba cha watoto njiti, chini ya uangalizi wa muuguzi mmoja mtu mzima, Sista Verdiana. Asubuhi ya pili Verdiana aliwaita Avit na Masalu.

"Huyu mtoto anahitaji joto la mwili," alisema. "Ngozi kwa ngozi, kifuani, mchana na usiku. Ndivyo watoto wadogo hivi wanavyokua haraka. Mama hawezi bado. Kuna ndugu wa kike?"

Paskazia alikuwa amerudi Goziba na boti ya Buberwa, kwani kule kulikuwa na wengine waliokaribia. Hapakuwa na ndugu mwingine.

"Yupo baba," Avit alisema.

Masalu aligeuka nyuma kuangalia kama kuna baba mwingine aliyeingia.

"Mimi?"

"Wewe una joto kama mtu mwingine yeyote."

"Humu ndani ni wanawake watupu," Masalu alinong'ona. Kweli, kulikuwa na akina mama wanne vitandani, kila mmoja na mtoto wake kifuani, wote wanne wakimtazama yeye.

"Mimi nafanya kazi katikati ya wanawake watupu kila siku," Avit alisema. "Siku mbili za kwanza ni ngumu. Halafu wanakuzoea, na wewe unawazoea."

Masalu alivua shati. Verdiana akamlaza mtoto kifuani pake, kichwa pembeni, miguu imekunjwa kama ya chura, akamfunga kwa kitenge na kurudishia shati juu. Anatolia alikwaruza mara mbili tatu, kisha akanyamaza. Masalu hakusogea. Hata pumzi aliivuta kidogo kidogo.

"Unaweza kupumua," Verdiana alimwambia. Mmoja wa wale akina mama akacheka, na wengine wakafuata, na Masalu mwenyewe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu watoke kisiwani.

Alimbeba mtoto siku sita. Alikuwa mtu aliyezoea kukaa ndani ya mtumbwi kwa saa nyingi akisubiri dagaa wajae kwenye mwanga wa taa, na subira ile ilimfaa. Alijifunza kumlisha kwa kikombe kidogo maziwa ambayo Jesca aliyakamua huko aliko. Alijifunza kumwamsha akisinzia katikati ya kunywa, kwa kumkuna nyayo. Siku ya saba walimleta Jesca kwenye kiti cha magurudumu, akiwa amekonda na macho yake yanaona vizuri, na Masalu akafungua vifungo vya shati akamwonyesha mtoto alikokuwa. Jesca alilia kidogo. Halafu akamwomba zamu yake.

Baada ya wiki tatu mtoto alikuwa na kilo mbili kasoro na hospitali ikawa tayari kuwaruhusu, kwa sharti kwamba walete mtoto kupimwa kila wiki. Kurudi Goziba halafu kuvuka ziwa kila wiki halikuwa jambo la kufikirika, na mjini hawakuwa na mtu. Avit alikuwa ameshalazimika kurudi kazini. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, kuna wageni wangu."

"Wangapi?"

"Wawili na kichanga."

"Waje," Joviana alisema. "Ebitoke zipo." Ndizi za kupika hazikuwahi kukosekana nyumbani kwao.

Walikaa Ijuganyondo wiki tano. Ta Damian aliwapa chumba ambacho Avit alilala alipokuwa mwanafunzi. Jesca alipata nguvu, akaanza kupika dagaa kwa namna ya kwao, na Joviana, ambaye aliwachukulia dagaa kama chakula cha haraka haraka, akaanza kuwaweka pamoja na ebitoke na maharage karibu kila siku. Masalu alipalilia migomba asubuhi. Jioni alimpokea mkewe mtoto na kumweka kifuani, kwa sababu Verdiana alikuwa amesema waendelee mpaka mtoto mwenyewe akatae.

Siku ya jumuiya, sala zikiwa zamu ya nyumba ile, majirani walimkuta Masalu amekaa nje kwenye kigoda, anamenya ebitoke, kitambaa kimemvimba kifuani na kofia ndogo ya sufi ikichungulia shingoni. Wanaume walimsalimia na kupita haraka. Jirani mmoja, Edvina, alisimama.

"Ma Joviana, huyu baba amebeba nini?"

"Mtoto wake."

"Na mama yake?"

"Yuko ndani anapumzika. Aliugua sana, walimtoa Goziba kwa boti."

"Nani kawafundisha kubeba hivyo?"

"Hospitali. Na Avit."

"Yule mwanao daktari."

Joviana alikuwa na sinia la vikombe mkononi. Aliliweka chini.

"Avit ni mkunga," alisema. "Anazalisha akina mama kule kisiwani. Huyo mwenye kofia yuko hai kwa ajili yake."

"Mkunga, kweli?" Edvina alisema, akainama kumwangalia mtoto. "Basi mimi binti yangu ana mimba ya miezi sita na anaogopa hata kwenda kupimwa. Avit akija likizo nitamleta waongee." Kisha akaingia ndani kusali. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Joviana alimweleza Avit kwenye simu jioni ile, kwa kirefu kuliko tukio lenyewe lilivyokuwa, na Avit alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Anatolia alipofikisha kilo tatu, Masalu na Jesca walirudi Goziba wakiwa na mkungu wa ndizi na chupa mbili za olubisi, pombe ya ndizi, kutoka kwa Ta Damian. Mwaloni watu waliwazunguka. Masalu hakuwa msemaji, lakini mbalamwezi ile wanaume walimwuliza na yeye akawaeleza, kipande kwa kipande, habari za mwavuli, za ngozi kwa ngozi, za kikombe. Kliniki iliyofuata Kahangwa aliomba mabenchi mawili zaidi, kwa sababu wanaume walikuwa wamekaa chini.

Mwaka huo walizaliwa watoto arobaini na mmoja katika zahanati ya kisiwa. Akina mama watatu walipelekwa nchi kavu kabla hali zao hazijawa mbaya, na wote watatu walirudi na watoto wao. Mwaka uliofuata halmashauri ilileta muuguzi wa pili, msichana anayeitwa Maulida. Wanawake walimpokea vizuri sana, na baadhi walimwambia wazi kwamba wangependa azalishe yeye. Avit alifurahi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza aliweza kulala akijua kuna mtu mwingine wa kuamshwa. Wengine waliendelea kumtaka yeye, na Jesca, aliyepata mimba nyingine, akasema hamtaki mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa saba Avit alipata likizo yake ya kwanza ndefu. Aliikuta kahawa imeiva Ijuganyondo. Binti wa Edvina, ambaye mtoto wake alikuwa sasa anatambaa, alikuja kumsalimia siku ya kwanza na kukaa mpaka chakula cha mchana. Siku ya tatu, Avit akiwa kwenye mibuni na baba yake, kikapu kiunoni, simu yake ikalia. Alikuwa Paskazia, na kama kawaida aliongea kama mtu aliye upande wa pili wa ziwa asiye na simu.

"Tumepata mapacha," alisema kwa Kikerewe. "Wa pili alitanguliza miguu. Maulida kamtoa vizuri, mikono yake imetulia. Damu kidogo tu."

"Mama yao?"

"Amekula ugali."

"Nije?"

"Uje kufanya nini?" Paskazia aliuliza. "Chuma kahawa."

Avit alirudisha simu mfukoni na kumweleza baba yake. Ta Damian alitikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza mapacha ni wa kike au wa kiume, na Avit akagundua kwamba hakuuliza. Akampigia tena Paskazia. Walikuwa wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Kisha wakaendelea kuchuma mpaka jua lilipofika katikati ya mbingu, na Joviana akawaita wakale.